Mikono kwenye kiondo, macho kwenye runinga: Ni kazi zipi hukubali kufanywa kwa pamoja?

JIONI inapoingia katika vijiji vya Kitui na Makueni, aghalabu runinga haitazamwi na watu waliokaa bure. Huku taarifa ya habari ya saa moja usiku ikisomwa, mama anasuka kiondo, nyanya anachambua mahindi kwenye uteo, kijana anaandika kazi aliyopewa shuleni ilhali simu iko kando yake, na chungu cha isyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ambao kwingineko nchini huitwa githeri, kinatokota jikoni.

Kwa mtazamo wa haraka, wote hawa wanafanya jambo moja: wanatazama runinga huku wakifanya kazi nyingine. Hata hivyo, wataalamu wa saikolojia wanaochunguza jinsi akili inavyogawa umakini wangewaweka katika makundi tofauti kabisa. Kati yao yupo asiyepoteza chochote. Yupo pia anayedhani anajifunza kumbe hajifunzi sana. Na yupo ambaye kazi yake, ikifanywa kwa nusu ya macho, yaweza kuhatarisha maisha ya wote watakaokula pamoja naye.

Suala hili halikuwa na uzito mkubwa zamani. Runinga ilianza kurusha matangazo nchini Kenya mwaka wa 1962, lakini kwa miaka mingi ilibaki kuwa chombo cha mijini na cha wenye uwezo. Kusambazwa kwa umeme mashambani, mitambo ya sola inayolipiwa kidogo kidogo, kuhama kutoka mfumo wa analojia hadi wa dijitali mwaka wa 2015, na hatimaye simu za kisasa, vimekifikisha kioo hadi kando ya meko. Leo ni kazi chache za jioni zinazofanywa mbali na picha inayocheza.

Wahenga walikwisha kutoa uamuzi wao. Mshika mbili moja humponyoka, walisema, na wakaongeza kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Lakini katika Ukambani kuna ushahidi wa kale ambao, kwa juu juu, unaonekana kuwapinga wahenga hao. Ushahidi wenyewe ni kiondo.

SOMO LA KIONDO

Kwa vizazi vingi wanawake wa Kikamba wamejulikana kwa kusuka wakiwa njiani. Mwanamke huelekea sokoni au kisimani akiwa na mzigo mgongoni ulioshikiliwa na ukanda uliopita kipajini, akizungumza na wenzake, na wakati huo huo vidole vyake vinaendelea kusuka. Zamani nyuzi zilitokana na magome ya mbuyu na mimea mingine ya mwituni. Baadaye katani ilishika nafasi, zao ambalo bado hulimwa katika eneo hilo, hasa katika shamba kubwa la Dwa lililoko Kibwezi, Kaunti ya Makueni.

Je, inawezekanaje mtu kutembea, kubeba, kuzungumza na kusuka kwa pamoja bila kuharibu lolote?

Jibu liko katika mazoea. Kazi mpya huitawala akili nzima: anayejifunza kusuka huitazama kila nyuzi na kuifikiria. Kadiri anavyoirudia kwa miezi na miaka, ndivyo mwendo huo unavyozidi kujiendesha wenyewe, sawa na kutembea au kufunga vifungo vya shati. Umakini unaobaki huwa huru kutumika kwingine.

Mwaka wa 1976, watafiti Elizabeth Spelke, William Hirst na Ulric Neisser walichapisha utafiti ulioonyesha nguvu ya mazoea hayo. Wanafunzi wawili wa chuo walipewa kazi ya kusoma hadithi kimya kimya huku wakiandika maneno waliyokuwa wakitajiwa. Mwanzoni walishindwa vibaya. Kasi yao ya kusoma ilishuka sana. Baada ya mazoezi ya majuma kadhaa waliweza kusoma kwa kasi yao ya kawaida, wakielewa, huku mkono ukiandika.

Hata hivyo, msusi yeyote mzoefu atakiri kwamba si kila hatua ya kiondo hukubali kufanywa gizani au mbele ya tamthilia. Kuanzisha kitako kunahitaji macho, kwa kuwa nyuzi za mwanzo ndizo zinazobeba chombo kizima. Kubadilisha rangi na kuhesabu nyuzi ili nakshi zikutane pia kunahitaji macho na hesabu. Kosa katika hesabu halijifichi: litaonekana kila safu inayofuata, na dawa yake ni kufumua. Zile safu ndefu za katikati, zisizo na nakshi, ndizo zinazosukwa huku mtu akicheka na jirani.

Kwa hiyo kiondo hakiwapingi wahenga. Kinaeleza tu kwamba si kila kitu kilichomo mkononi huhesabiwa na akili kuwa kazi.

AKILI HUBADILISHA, HAICHANGANYI

Kazi mbili zote zinapohitaji fikira, akili haizifanyi kwa pamoja. Inachofanya ni kuhama kutoka moja hadi nyingine, kisha kurudi, kwa kasi inayomfanya mwenyewe aamini kwamba anazifanya zote mbili.

Kila safari ya kuhama ina nauli yake. Mwaka wa 2001, Joshua Rubinstein, David Meyer na Jeffrey Evans walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walibadilishana kazi kama vile kutatua hesabu na kupanga maumbo. Watu hao walipoteza muda kila walipohama, na muda huo uliongezeka kadiri kanuni za kazi zilivyokuwa ngumu. Akili hulazimika kwanza kuiacha kanuni ya kazi ya awali, kisha kuiwasha kanuni ya kazi mpya.

Masikio nayo yana mpaka wake. Mwaka wa 1953 mwanasayansi Mwingereza Colin Cherry aliwapa watu vipaza sauti vya masikioni na kuwasikilizisha maneno mawili tofauti, moja kila sikio, akiwataka wafuate la upande mmoja tu. Waliweza. Lakini walipoulizwa habari za sikio la pili, walichokumbuka kilikuwa kidogo mno. Walitambua iwapo sauti ilibadilika kutoka ya mwanamume hadi ya mwanamke, lakini maana ya yaliyosemwa iliwapita.

Mtaalamu Christopher Wickens wa Marekani alieleza hali hii kwa kufikiria akili kuwa na akiba kadhaa tofauti badala ya akiba moja. Kuna inayotumiwa na macho, inayotumiwa na masikio, inayotumiwa na mikono, na inayotumiwa na maneno. Kazi mbili zikichota katika akiba tofauti, huweza kuishi pamoja kwa amani. Zikichota katika akiba moja, hugombana, na mojawapo hushindwa.

Kanuni hii inafafanua kwa nini redio na runinga si ndugu wa tumbo moja. Anayesikiliza Musyi FM au Mbaitu FM huku akipukuchua mahindi ameazima masikio tu. Macho na mikono vimebaki shambani mwake. Runinga huomba masikio na macho pia.

Hata katika runinga yenyewe kuna tofauti. Tamthilia ya Kiswahili, au ile ya ng'ambo iliyotiwa sauti za lugha anayoielewa mtazamaji, huweza kufuatwa kwa masikio. Wahusika hutajana majina, hulia, hugombana, na muziki hutangulia kumjulisha mtu kwamba jambo zito linakuja. Mama aliyeinamia kiondo huinua uso pale tu sauti inapomwita, na hapotezi uzi wa hadithi.

Hali ni tofauti kwa vijana waliozama katika anime, yaani katuni za Kijapani, fani iliyopata msukumo mkubwa katika runinga ya Japani mwaka wa 1963 kupitia mfululizo wa Astro Boy wake Osamu Tezuka. Wengi huzitazama katika sauti ya Kijapani huku wakisoma tafsiri ya Kiingereza chini ya kioo. Hapo masikio hayasaidii. Anayeangusha macho kwa nukta chache amepoteza sentensi nzima. Kijana wa Wote au Mwingi anayedai kwamba anatazama anime yenye maandishi huku akiandika insha anatumia macho yaleyale na akiba ileile ya maneno mara mbili. Haiwezekani, ama insha itaumia, ama hadithi.

KAZI YA SHULE MBELE YA TAMTHILIA

Wazazi wengi huwaachia watoto wafanye kazi ya shule sebuleni, mara nyingine kwa sababu hicho ndicho chumba pekee chenye taa ya kutosha. Watoto nao huapa kwamba runinga haiwasumbui.

Watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Marina Pool walilipima dai hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003. Wanafunzi walifanya kazi zao za shule, baadhi kukiwa na tamthilia ya lugha yao nyuma yao, wengine kukiwa na muziki, na wengine katika kimya. Waliofanya kazi mbele ya tamthilia walipata alama duni zaidi na wakachukua muda mrefu zaidi kuliko waliokuwa katika kimya. Muziki haukuwadhuru. Kinachoumiza, basi, si kelele tu bali ni hadithi, kwa kuwa hadithi huyaita macho na huitaka akili ingoje kitakachofuata.

Yako madhara mengine yasiyoonekana kwa urahisi. Mwaka wa 2006, Karin Foerde, Barbara Knowlton na Russell Poldrack wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwafundisha watu kazi fulani, mara wakiwa wametulia na mara wakiwa wanahesabu milio. Katika hali zote mbili watu waliweza kutenda walichofundishwa. Lakini yale waliyojifunza huku wakihesabu milio hawakuweza kuyaeleza wala kuyatumia vyema katika hali mpya. Vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba waliposumbuliwa, walitegemea zaidi sehemu ya ubongo inayojenga mazoea kuliko ile inayohifadhi kumbukumbu za kuelezeka.

Maana yake kwa mzazi ni nzito. Mtoto anaweza kumaliza maswali yote ya hesabu mbele ya tamthilia, daftari likapendeza, na mwalimu akatia vema. Siku ya mtihani, swali lilelile likigeuzwa kidogo, akakwama.

Wapo wanaojitetea kwamba wao wamezoea kuchanganya mambo na kwa hiyo wamekuwa hodari. Mwaka wa 2009, Eyal Ophir, Clifford Nass na Anthony Wagner wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti kwamba watu wanaotumia vyombo vingi kwa pamoja mara kwa mara walishindwa zaidi kupuuza yasiyowahusu, na hata katika kuhama kutoka kazi hadi kazi walizidiwa na wasiokuwa na tabia hiyo. Tafiti zilizofuata zimetoa matokeo yanayotofautiana, na uchambuzi wa pamoja wa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba tofauti hiyo ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo, tabia ya kuruka kutoka kioo hadi kioo haijathibitishwa kumpa mtu umahiri aliodai kuupata.

UTEO WA NYANYA

Sasa na tumrejelee nyanya na uteo wake, kwa maana hapo ndipo penye jambo kubwa.

Mwaka wa 2004, kati ya Januari na Julai, Mashariki mwa Kenya kulitokea mkasa wa sumukuvu, yaani aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, na wilaya zilizoathirika zaidi zilikuwa Makueni na Kitui. Haukuwa mkasa wa kwanza: mwaka wa 1981, katika Wilaya ya Machakos ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, watu 12 kati ya 20 waliolazwa kwa sumu hiyo walipoteza maisha. Sumu hiyo hutokana na kuvu anayeota kwenye nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa ikiwa na unyevu, na hushambulia ini.

Wakati wa mkasa wa 2004, wachunguzi walipima sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko ya eneo hilo. Asilimia 55 zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo nchini, cha sehemu 20 kwa kila sehemu bilioni moja.

Sumukuvu haisambai sawasawa katika gunia. Mara nyingi punje chache ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, na nyingi kati ya hizo huwa zimevunjika, zimebadilika rangi au zimeota ukungu. Kwa sababu hiyo, kuchambua mahindi kwa mkono na kutupa punje mbovu hupunguza sumu, ingawa hakuiondoi yote, kwa kuwa zipo punje zenye sumu ambazo kwa macho huonekana nzima. Kukoboa mahindi ili kupata muthokoi pia hupunguza kiasi chake. Kupika hakutoshi, kwani sumu hii hustahimili joto la chungu.

Basi linganisha kazi mbili za nyanya. Anapoambua mbaazi, vidole vinahisi ganda na kulipasua. Macho yanaweza kwenda yatakako. Anapochambua mahindi, vidole havimwambii lolote kuhusu rangi ya punje. Kazi yote imo machoni, na runinga ndiyo hasa inayoyataka macho hayo. Punje moja iliyopita wakati wa tukio la kusisimua haitarudi kuomba ichambuliwe tena.

Hata bila runinga, kazi ya aina hii huichosha akili upesi. Mwaka wa 1948 mtafiti Mwingereza Norman Mackworth, aliyechunguza uangalifu wa walinzi wa rada, alionyesha kwamba mtu anayetafuta alama adimu huanza kuzikosa katika nusu saa ya kwanza. Mahindi mabovu yaliyochanganyika na mazima ni alama adimu za namna hiyo hiyo. Ni afadhali kuchambua debe moja kwa vipindi vifupi mchana, penye mwanga wa jua, kuliko kulimaliza usiku mmoja mbele ya kioo.

Ifahamike kwamba sauti si adui daima. Mwaka wa 2010, Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alichapisha matokeo ya jaribio la watu 40 waliosikiliza ujumbe wa simu uliochusha. Nusu yao waliokuwa wakitia kivuli maumbo kwenye karatasi walikumbuka mambo kwa asilimia 29 zaidi ya wenzao waliokaa tu. Kazi ndogo ya mikono inaweza kumzuia mtu kutangatanga mawazoni. Ndiyo sababu kiondo mkononi hakimzuii mama kusikia habari. Pengine humsaidia kuzisikia.

JINSI YA KUPIMA

Kabla ya kuunganisha kazi na runinga, msomaji anaweza kujiuliza maswali matatu. Kwanza, je, kazi hii inahitaji macho yangu? Kuchambua nafaka, kupima dawa ya mtoto na kusoma vinahitaji. Pili, je, inahitaji maneno au hesabu? Kuandika insha na kupanga nakshi za kiondo vinahitaji. Tatu, nikikosea, je, nitaweza kufumua?

Swali la tatu ndilo zito zaidi. Safu ya kiondo iliyokosewa hufumuliwa. Nguo iliyokunjwa vibaya hukunjwa tena. Chungu cha isyo kilichosahauliwa huungua, na hasara yake ni chakula na kuni. Kengele ya simu iliyotegwa mapema hukumbusha vizuri kuliko kichwa kilichomo katikati ya tamthilia. Lakini mtoto anayetambaa karibu na jiko, na punje yenye ukungu iliyoingia kwenye unga, havifumuliki.

Kanuni hiyo hiyo inamhusu dereva anayepita Emali, Kibwezi na Mtito Andei katika barabara kuu ya Mombasa. David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha mwaka wa 2001 kwamba kuzungumza kwa simu huwapunguzia watu uangalifu katika jaribio la udereva, na kwamba kutumia chombo kisichoshikwa kwa mkono hakukuleta nafuu. Kusikiliza redio hakukuwa na madhara hayo. Kilichochukuliwa na simu hakikuwa mkono bali akili.

Hakuna sababu ya kuwafukuza wasusi mbele ya runinga. Mikono iliyozoea haina haja ya kulindwa. Macho ndiyo yanayostahili kugawiwa kwa kipimo, na katika nyumba zenye mavuno mapya ya mahindi ghalani, nusu saa ya kuchambua mchana, kioo kikiwa kimezimwa, ni sehemu ya chakula chenyewe.